Mazishi ya Adabu

Shangani, Mtwara

Rehema mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana hali yako ninaijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kuagana na wenzako kule ufukweni, na kabla ya kutoka ulisimama mlangoni ukasema, "Samahani mama, naomba kuazima viatu vyako vya wazi, kama hutavihitaji." Kama sitavihitaji! Zamani ungevivaa tu ukaenda zako, nami ningekupigia kelele dirishani mpaka majirani wacheke. Nilikujibu, "Vichukue mwanangu." Ukasema, "Asante sana mama," ukafunga mlango polepole. Nimebaki hapa mezani nikijiuliza ni mpangaji gani huyo aliyetoka.

Barua hii inahusu adabu yako hiyo. Kesho unapanda ndege, na sitaki uondoke nayo.

Mengine yote umeshaambiwa. Shangazi yako amekuambia umche Mungu, baba yako mdogo amekuambia ujihadhari na wanaume, na jirani yetu, ambaye hajawahi kuvuka Lindi, amekueleza kwa kirefu jinsi baridi ya Ulaya inavyoingia kwenye mifupa. Korosho zimefungwa, sweta zimekunjwa, pasipoti iko kwenye pochi. Ukisahau kitu utanunua kingine huko huko. Mimi nina neno moja tu, na kwa kuwa ni mwalimu nitalisema kwa kurasa nyingi.

Jana tulikufanyia sherehe ya kukuaga. Niliiandaa mimi, kwa hiyo nina haki ya kuidharau. Mshereheshaji alishika kipaza sauti katika ua ambao mtu akikohoa wote tunasikia, akaanza, "Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa." Mgeni rasmi alikuwa mkuu wangu wa shule, mtu aliyelisoma jina lako kwenye kiganja cha mkono na bado akalikosea. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Shehe naye akaona asizidiwe, akaomba kwa muda mrefu zaidi. Kila aliyesimama alisema amefurahi sana na hakuna aliyeonekana kufurahi. Kilikuwa kikao cha bodi kilicholetewa pilau.

Kicheko cha kweli nilikisikia mara moja tu siku nzima, na kilitoka jikoni kwangu. Nilikuwa naingiza sinia la vyombo nikasikia sauti ya Bi Hawa, mtani wa marehemu baba yako, aliyetoka Mahurunga asubuhi ile kuja kukuaga. "Wewe unakwenda kusoma lugha Ulaya? Lugha gani, na hata uji hujui kunywa, unauvuta kama baba yako? Wazungu watakimbia, watakuachia nchi!" Ukacheka, Rehema. Ulicheka kile kicheko chako kinachotokea puani, ambacho nilidhani umekiacha utotoni. Kisha mimi nikatokeza mlangoni. Bi Hawa akaweka khanga yake sawa akasema, "Karibu, mwalimu. Pole na kazi." Na wewe ukanipokea sinia ukasema, "Samahani mama, ungeniita nikusaidie." Nikasimama jikoni kwangu mwenyewe kama mkaguzi wa elimu aliyekuja bila taarifa.

Nilitoka nikaenda kukaa na mgeni rasmi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu.

Nataka nikueleze nilivyofika hapo, kwa sababu unakwenda kusomea mambo haya haya, jinsi akili ya mtu inavyopokea maneno na kwa nini binadamu wana mila zisizo na faida ya kuonekana. Utasoma vitabu vingi. Mimi nimesomea jambo hilo kwa kufeli tu.

Nilipopangiwa kazi Mtwara nikitokea Bukoba, nilikuwa na shahada, Kiingereza cha kujivunia, na dharau ya kutosha kulisha wilaya nzima. Watu husema sisi wa kule tunajisikia. Hawatuonei. Nilidharau mihogo, nilidharau joto, nilidharau watoto walioitika "ndiyo mwalimu" kwa jambo ambalo hawakulielewa. Zaidi ya yote nilidharau salamu. Mtu anakuuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za watoto, habari za tangu jana, na wewe unajibu nzuri, nzuri, nzuri, hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Niliwaambia walimu wenzangu ofisini kwamba salamu za huku hazina taarifa yoyote ndani yake. Walinitazama kwa huruma, nami nikadhani ni wivu.

Baba yako alikuwa karani bandarini. Tulifunga ndoa bomani kwa sababu mchungaji hakutaka na shehe hakutaka, na sijawahi tena kuona dini hizo mbili zikikubaliana haraka hivyo. Alikuwa mpole, mcheshi, na alizungumza Kiswahili cha kwao Mahurunga. Mimi nikawa namsahihisha. Akisema "ntoto" nasema "mtoto". Akiwasimulia wageni kisa, namkatiza katikati na kumtilia neno sahihi mdomoni kama anayempa mgonjwa dawa. Yeye alikuwa akilirudia nilivyotaka, anatabasamu, anaendelea, ila kisa chenyewe kinakuwa kimeshapoa. Nilijiambia kwamba namsaidia. Nilikuwa namdharau, mwanangu, na nilimpenda, na vyote viwili vilikaa nyumba moja miaka yote hiyo bila kusalimiana.

Kwao tulikwenda sikukuu na misiba. Huko ndiko nilikoonana na watani. Ukoo wa Bi Hawa na ukoo wa baba yako wanataniana tangu kwa mababu zao: wana haki ya kutukanana bila mtu kukasirika, na wana wajibu wa kuzikana. Baba yako alinieleza hivyo na mimi nikaitikia kama ninavyomwitikia mwanafunzi anayeeleza kwa nini hakufanya zoezi. Bi Hawa akija kwetu alikuwa akisimama uani na kupiga kelele, "Yuko wapi huyo mwizi wa kuku?" na baba yako akatoka mbio akiwa amefurahi kama mtoto. Mimi nilibaki ndani. Niliona ni ushamba.

Sasa nifike kwenye msiba. Ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa upande wako wa mkeka nami upande wangu.

Baba yako alipofariki kwa presha tulimpeleka Mahurunga. Maiti ilikuwa chumba cha nyuma inaoshwa. Mimi nilikaa na wanawake sebuleni, nimefunikwa khanga, sina machozi tena, na kichwa kinaniuma. Wewe ulikuwa umekataa kula tangu tulipotoka hospitali. Hukulia wala hukusema. Ulilitazama tu lile pazia la chumba cha nyuma, na mimi niliogopa kukugusa.

Ndipo Bi Hawa akaingia. Alikuwa amevaa koti la bandarini la baba yako, kofia yake, na miwani yake ameishusha mpaka ncha ya pua. Alitembea kwa kuburuta mguu mmoja, vile vile kama baba yako alivyotembea akichoka. Akasimama katikati ya wanawake, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya baba yako kabisa:

"Chai iko wapi? Nwalimu anachemsha chai tangu juzi, hainyweki, ina Kiingereza ndani!"

Wanawake wakaanza kuguna kwa kuzuia kicheko. Akageuka kwenye lile pazia.

"Watu mnamlilia nini huyu? Mnasema presha. Presha gani! Huyu kafa apumzike kusahihishwa!"

Na wewe, Rehema, ukacheka. Ulicheka na machozi yakatoka hapo hapo, yale ambayo hayakutoka hospitali wala njiani, ukajiinamia ukicheka na kulia, na shangazi yako akakushika mgongo. Leo ninajua nilichokuwa nakiona. Mtu alikuwa amemrudisha baba yako chumbani kwa dakika moja ili uweze kumlilia.

Siku ile niliona kitu kingine. Niliona mwanamke asiyesoma amevaa nguo za mume wangu, anawaambia watu ukweli wangu, na mwanangu anamcheka baba yake ambaye hajazikwa. Nilisimama. Nilimvua ile miwani usoni kwa mkono wangu. Nikasema, "Washenzi nyinyi. Hata maiti hamuionei haya. Toka."

Niliyasema kwa Kiswahili fasaha kabisa. Hakuna aliyehitaji kunisahihisha.

Bi Hawa alivua kofia, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akasema, "Pole sana, mwalimu. Tusamehe." Akatoka. Na wewe ukajifuta uso ukanitazama, ukasema, "Samahani mama." Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nimezisikia nyingi tangu hapo, lakini ile ya kwanza bado naijua sauti yake.

Sitasema kwamba waliondoka. Laiti wangeondoka, ningepata cha kuwalaumu. Watani walichimba kaburi, walichota maji, walipika, walihudumia wageni, na kazi yote waliifanya kimya, kwa heshima, wakiinamisha vichwa. Hakuna aliyezuia jeneza njiani kudai chochote, kama watani wanavyofanya. Hakuna aliyejitupa kaburini kusema ni lake. Mazishi ya baba yako yalikuwa ya adabu kuliko yote yaliyopata kufanyika Mahurunga, na yeye, aliyependa makelele, alishushwa chini kama mgeni rasmi. Jioni shangazi yako alikuja kukaa karibu nami. Nilidhani amekuja kunifariji.

"Wifi," akasema, "umeheshimiwa sasa. Utaheshimiwa mpaka ufe."

Sikuelewa. Nikamwambia asante.

Tangu siku ile kila ninayekutana naye kutoka ukoo ule ananiamkia vizuri. Nikienda sokoni wananipisha. Kwenye arusi wananiwekea kiti cha mbele, chenye mto. Hakuna anayeniuliza kwa nini nimenenepa, hakuna anayeniambia gauni langu linafanana na pazia la ofisi ya kata. Nilichokuwa nakitaka tangu nishuke kwenye basi la kwanza nimekipata chote. Na humu ndani nikaanza kukipata kutoka kwako pia. Sawa mama. Ndiyo mama. Umeamkaje mama. Ulipofaulu ulinipa taarifa ya kufaulu kama unavyompa afisa. Ulipoachana na yule kijana wako nilisikia kwa watu. Nilijidanganya kwamba umekua, kwamba msiba umekutuliza. Marafiki zangu wa kwaya walinipongeza kwa malezi, wale ambao watoto wao wanawajibu ovyo, na mimi, mpumbavu, nilipokea pongezi.

Kisha ukamaliza chuo ukapata kile kibarua cha kumsaidia yule daktari mtafiti, naye akahitaji mtu wa kumnyooshea tafsiri ya maswali, ukanitaja mimi. Nilikuja kwa ajili yako. Nilitarajia kwamba tukikaa siku kadhaa kule Nanyamba kwenye utafiti, tukila kwenye mgahawa mmoja, utachoka kuwa na adabu. Hukuchoka.

Utafiti wenyewe unajua nilivyouona. Daktari alikuwa amerekodi watu wakirushiana maneno, wengine kwa utani na wengine kwa ugomvi wa kweli. Anamvalisha mkulima spika za masikioni, anamwonyesha picha ya uso unaocheka na uso ulionuna, amguse mmoja. Mzee wa kwanza akauliza, "Huyu anayesema ni nani kwake?" Daktari akamwambia hilo hatuwezi kukueleza. "Sasa mimi nitajuaje?" Basi akagusa uso unaocheka kwa kila sauti, kwa sababu, alivyosema, yule mwingine alimtia huzuni. Mama mmoja akagusa ulionuna mfululizo kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Niliwadharau wale wakulima, nikamdharau daktari na mitambo yake, nikaona serikali na Wazungu wote wamechanganyikiwa. Mchana nikasema nipewe mimi nijaribu, niwaonyeshe jinsi mtu aliyesoma anavyojibu.

Ulikuwa umekaa pembeni unaandika majibu yangu. Nilisikiliza kwa makini. Nilielewa kila neno. Na kila sauti iliyokuja, nilisema ni ugomvi.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu, na hakunicheka. Alisema, "Mwalimu, umekosea karibu kote. Wewe unasikiliza maneno. Wenzako, hata wanaobahatisha, wanatafuta kwanza kama huyu ana ruhusa ya kusema hivyo." Nikamwambia kwamba tusi ni tusi. Akasema wale wa ugomvi kwenye mashine yake walikuwa wakiongea kwa heshima mno, wakiitana ndugu na mheshimiwa, na kwamba ndio hao pekee niliokuwa nimewapatia, lakini kwa bahati tu, kwa kuwa nilisema ugomvi kwa wote. Halafu akanieleza habari ya mila, jambo unalolijua. Kwamba kitendo chenye faida hata mpita njia atakifanya. Kile kisicho na maana yoyote, kile cha kupoteza muda, ndicho kinachoonyesha nani ni wenu, kwa sababu hakuna atakayejisumbua nacho kama si wenu.

Nilimjibu kwamba jambo hilo bibi yangu alilijua bila ufadhili. Uwongo. Bibi yangu aliishi nalo bila kulijua, kama samaki na maji, na mimi sikulijua wala sikuishi nalo. Yule binti alikuwa amelitoa nje akaliweka mezani, nikaliona, na nikaona na uso wangu pembeni yake. Nilimchukia kwa siku mbili tatu. Bado sikubaliani na zile picha za nyuso, zile ni za chekechea. Lakini alikuwa sahihi, na wewe uliandika majibu yangu yote bila kutikisa uso, na tulipotoka ukaniambia, "Pole mama, joto lilikuwa kali."

Hapo ndipo nilipoelewa neno la shangazi yako, kwamba nimeheshimiwa.

Sasa nikueleze jambo usilolijua. Mwezi uliopita niliposema nakwenda semina, nilikwenda Mahurunga. Nilikwenda kumwomba Bi Hawa msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno, yamepangika, utangulizi na hitimisho. Alinipokea vizuri, akanitolea kiti, akatuma soda dukani. Nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema, "Yameisha, mwalimu. Ya zamani hayo. Karibu sana." Na nilijua hayakuisha hata kidogo, kwa vile alivyokaa.

Basi nikafanya ujinga ambao hata wewe hutauamini. Nikaamua kumtania. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nimetunga tusi, nikalifanyia mazoezi kama mtoto anayekariri shairi. Nikavuta pumzi nikamwambia kwamba nyumba yake imeinama kwa sababu imechoka kusikiliza uongo wake. Nililisema kwa sauti ya darasani. Binti yake aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi. Bi Hawa akaitazama nyumba yake, ambayo kweli imeinama, mvua za masika ziliipiga na hana wa kumsaidia kuijenga upya. Akasema taratibu, "Ni kweli, mwalimu. Imeinama." Akanifungulia soda.

Niliinywa yote, mwanangu. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Haki ya kumtania ilikuwa ya baba yako, na kwa mlango wake ingekuwa yangu. Ni yako pia, kwa damu. Nilipewa bure, kwa kelele na vicheko uani kwangu, na niliikataa kila mara mpaka siku ile nilipoikataa mbele ya watu. Haiombwi kwa hotuba. Sidhani kama Bi Hawa ananichukia. Ameniweka tu pale ninapowekwa wageni, na yeye ni mtu wa kuheshimu sana wageni.

Nikifa watakuja, najua. Watachimba. Hakuna atakayevaa nguo zangu.

Nimeandika yote haya na bado sijakupa ushauri, na baba yako mdogo akisikia atasema barua hii haina faida. Basi huu hapa. Huko unakokwenda utakuta watu wenye akili sana. Watakaa kwenye meza ndefu, mmoja ataeleza utafiti wake, wengine watainua mikono, kila mmoja atasema "asante kwa wasilisho zuri" kisha atamchinja. Naye atasema "swali zuri sana" kisha hatalijibu. Wataliita jambo hilo sayansi, na ndani yake sayansi itakuwemo kiasi. Lakini ni ngoma pia, na ina hatua zake. Usiidharau kama nilivyodharau salamu za Mtwara. Icheze. Jua tu nani ana ruhusa ya kusema nini, na ukiona wote wameanza kukuheshimu ghafla, rudi nyuma uangalie ulikosea wapi.

Watakuuliza pia kwenu watu hufanyaje. Usikubali kuwa bingwa wa kwenu. Nusu yako ni mimi, na mimi umeona nilivyo. Nusu nyingine ingeweza kuwaeleza mengi, ila wangeirekodi kwenye mashine na kuuliza mkulima aguse uso upi. Waambie hujui, kisha nenda ukasome.

Na ukipata mwenza huko, usimsahihishe mbele ya wageni. Hata akikosea vibaya. Acha kisa chake kifike mwisho.

Sasa nakuja kwako na mimi. Sijui kama umenisamehe. Sikuulizi, maana utanijibu vizuri, utasema "yameisha mama", na mimi nimeshanywa soda hiyo. Najua nilikukatiza kicheko siku ambayo hukuwa na kitu kingine. Uliona siwezi kuchekwa, ukaacha. Uliniondoa kwa watu wako taratibu, bila kelele, ukaniwekea kiti chenye mto. Sikulaumu. Umejifunza kwa mabingwa, na umewazidi.

Lakini Bi Hawa ana ukoo mzima wa kuwatukana. Mimi nina wewe tu. Kwa hiyo kesho uwanjani, tukifika pale wanapokagua tiketi, usinishukuru kwa malezi. Ukinishukuru nitakujibu "karibu sana mwanangu", tutapigwa picha, na kila atakayeiona atasema tuliagana vizuri. Sema neno moja baya la kweli juu yangu, kwa sauti, mbele ya wale abiria wote. Unayo mengi, chagua. Nitakasirika, nakuahidi, sijui namna nyingine ya kulipokea, na nitakufokea mpaka askari atugeukie. Usiniombe samahani. Chukua begi lako uingie ndani ukicheka, usigeuke nyuma, nami nitasimama pale nikifoka peke yangu, nikijua kwamba nina mtu.

Mama yako